Daraja la tatu halikuwa na orodha

Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba, ikapita Kemondo, ikapakia watu na mizigo zaidi, ikaendelea na safari ya usiku. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Wale wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, nao peke yao walifika 443. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo sababu kila ifikapo Mei tunasema wamekufa watu zaidi ya 800, wengine wanasema elfu moja, na hakuna anayeweza kumsahihisha mwenzake.

Kupinduka kwenyewe sicho kinachoninyima usingizi. Meli ilielea kifudifudi kwa muda. Ndani yake kulikuwa na watu hai, wanapumua hewa iliyonaswa chini ya chuma, wanagonga ili wasikike. Waliokuwa nje wakasikia. Wakaamua kutoboa tundu wawatoe. Hewa ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, meli ikazama pamoja na waliokuwa wakigonga.

Mtu anayetaka kuzungumza juu ya Mungu mwenye huruma na mateso ya binadamu, namwomba aanzie kwenye tundu lile. Hapo hakuna mchawi wala jambazi. Kuna watu walioguswa na kilio cha wenzao, wakafanya walichodhani ni sahihi, wakaua. Ukiwa na jibu linaloweza kusimama mbele ya tundu lile, tutalisikiliza. Ukiwa na jibu la haraka, kaa nalo kwanza.

Sisi tunayo majibu ya haraka mengi. "Kazi ya Mungu haina makosa." Nimeisikia sentensi hii misibani tangu utotoni. Inachapwa kwenye fulana za msiba, inawekwa juu ya picha ya marehemu, inatamkwa na msemaji wa familia kabla ya kutangaza utaratibu wa mazishi. Iko "Mungu amempenda zaidi". Iko "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Majirani zetu Waislamu husema ahadi yake imefika, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Sina ugomvi na mfiwa anayeyasema haya. Mtu anayezama hushika chochote, na maneno haya yamewashikilia wengi wasizame. Ugomvi wangu uko kwa anayeyasema asiyefiwa, hasa kama ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuhesabu abiria. Mdomoni mwake neno lilelile la faraja linageuka kuwa muhuri wa kufungia jalada. Mungu anatajwa ili binadamu asitajwe.

Swali lenyewe ni la kale. Mwaka 1955 mwanafalsafa mzaliwa wa Australia, J. L. Mackie, alilipanga kwa ukali: unasema Mungu ni mwema kabisa, unasema anaweza yote, na unakiri kwamba uovu upo. Huwezi kuyashika yote matatu kwa mkono mmoja, moja litadondoka. Mmarekani Alvin Plantinga alimjibu katika miaka ya 1970 kwa hoja ambayo wahubiri wetu walikuwa wakiitumia zamani bila kuipa jina: utashi huru. Hata mwenye uweza wote hawezi kumfanya mtu huru halafu wakati huohuo amlazimishe kutenda mema, kwa kuwa huru wa kulazimishwa si huru. Mungu alitaka watoto, hakutaka vikaragosi. Akitaka watoto wanaoweza kupenda, inabidi awe tayari kuwaona wakichukia.

Ukiipeleka hoja hiyo bandarini, inafanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyokubali. Mungu hakukata tiketi. Hakusimama Kemondo akasema ongezeni. Kila mzigo ulioingia uliruhusiwa na mtu mwenye jina na mshahara. Serikali ya Rais Mkapa iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza, na kazi yoyote ya tume ya namna ile ni kukiri kwa vitendo kwamba lililotokea lilikuwa na mikono ya watu. Huwezi kuunda tume ya kuchunguza kudura. Kwa hiyo anayeamini utashi huru kwa dhati hana ruhusa ya kusema "kazi ya Mungu" juu ya meli iliyozidishwa abiria. Anachotakiwa kusema ni: nani aliruhusu, kwa nini, na nani atajibu. Hapo ndipo ninapowadai waumini wenzangu. Tunaitumia hoja hii kumtetea Mungu mbele ya wasioamini, kisha tunaiacha mlangoni tukiingia ofisini.

Lakini hoja hiyo ina majeraha, na sitaki kuyafunika.

La kwanza: anayetumia uhuru si anayelipa. Mkata tiketi alikuwa huru, mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga akalipa. Mackie alikuwa ameuliza kwa nini Mungu asiumbe watu walio huru ambao kila mara wanachagua mema, na hilo wanafalsafa wamelibishania mpaka leo. Mimi nina swali la chini zaidi. Kama uhuru una thamani kubwa hivyo, mbona gharama yake inaangukia upande mmoja tu wa meli? Ukimwambia mama aliyezika kwamba mwanawe alikufa ili uhuru wa karani uheshimiwe, utakuwa umemtukana yeye na Mungu kwa pumzi moja.

La pili linahusu uhuru wenyewe, ambao haukugawiwa sawa. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora, upande wa pili, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228, na 41 wakaokolewa. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, watu wanarudi na unga, sabuni, mabati. Baada ya ajali nilisikia kwa masikio yangu mtu mzima, mcha Mungu, akisema, "Na wao waliona kimejaa, mbona walipanda?" Nilimwelewa anatoka wapi: alitaka kumwondoa Mungu kwenye lawama, akaiweka juu ya marehemu. Lakini mwanamke aliyeuza dagaa wake akanunua chumvi, ana watoto wamemsubiri ng'ambo, na kivuko ndicho hicho, alikuwa na uchaguzi gani? Abaki alale wapi? Uhuru wake ulikuwa na upana wa ubao wa kukanyagia. Uhuru wa aliyekuwa na mamlaka ya kukizuia kisiondoke ulikuwa mpana kama ziwa. Wahubiri wakisema "binadamu ana hiari" wanawaweka wawili hawa kwenye kapu moja, na hapo hoja nzuri inaanza kunuka.

Kati ya ajali hizi mbili za ziwani ilikuwapo ya baharini: Septemba 10, 2011, MV Spice Islander, kutoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, ikazama karibu na Nungwi. Mwaka 1996, 2011, 2018. Kila mara tuliomboleza kwa siku chache, tukasema ajali haina kinga. Msemo huo ni wa uongo katika habari ya meli. Kinga ya meli kuzidi ni mtu mmoja mwenye daftari na kalamu, na juu yake mkubwa asiyempigia simu kumwambia aiachie iende.

Wazee wetu walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Ni methali ninayoipenda, kwa sababu inakiri kwamba zipo siku ambazo hata aliye mjuzi wa kupanda haokoki. Lakini mti uliopakwa mafuta na mtu usiwekwe kwenye methali hiyo. Huo umtafute aliyeupaka.

Ndugu zangu Waislamu wamelijadili hili karne nyingi, na kwa undani ambao sisi Wakristo wa bara hatuufahamu vya kutosha. Kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani. Zamani walitokea Jabriyya waliosema mja hana hiari hata kidogo, ni kama unyoya kwenye upepo. Wakatokea Qadariyya, na baada yao Mu'tazila, waliosema mja huunda matendo yake mwenyewe, vinginevyo Mungu atakuwa dhalimu kumwadhibu. Wafuasi wa Ash'ari wakatafuta njia ya kati: Mungu anaumba tendo, mja analichuma, na kwa kulichuma huko anawajibika. Mijadala hiyo inaweza kumchosha asiyeizoea. Kipo kisa kimoja, hata hivyo, ambacho kwangu kinazidi vitabu vingi. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, mnamo mwaka 639, akaambiwa kuna tauni. Akashauriana na masahaba, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida, amiri wa jeshi lake huko Sham, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani, mwingine mkavu. Akilisha penye majani ni kwa kadari ya Mungu, na akilisha pakavu ni kwa kadari ya Mungu. Sasa mchungaji mwenye akili atachagua upande upi?

Hebu fikiria bandari yenye kiongozi wa namna ile. Anaangalia kivuko kilichojaa, anasema hakiondoki. Mtu anamwambia, mzee, kila mtu ana siku yake. Anajibu, ndiyo, na kadari ya leo ni kwamba mimi nimekizuia.

Nirudi kwenye tundu, maana nililiacha wazi.

Hoja ya utashi huru imezoea kuzungumzia nia mbaya: Kaini na nduguye, mfalme na jeshi lake. Sehemu kubwa ya mateso tuliyo nayo haitoki huko. Inatoka kwa watu wa kawaida waliochoka, waliokosa mafunzo, waliofanya haraka. Waliotoboa MV Bukoba walikuwa na nia njema kuliko mtu yeyote katika habari hii yote. Je, Mungu asingeweza kuizuia ile hewa isitoke kwa nusu saa tu? Nimelifikiri jambo hili miaka mingi na nimefika mahali naweza kusema nusu ya jibu. Uhuru hauwezi kuwapo katika dunia isiyo na kanuni. Kama leo hewa inatoka kwenye tundu na kesho haitoki, kama jiwe wakati mwingine linaanguka na wakati mwingine linaelea kwa sababu chini yake yuko mtu mwema, hakuna anayeweza kujifunza chochote, na asiyeweza kujifunza hawezi kuchagua. Ile hewa iliyotoka mwaka 1996 kwa kuwa haikuzuiwa ni hewa ileile iliyobaki mwaka 2018 kwa kuwa haikutobolewa. Siku mbili baada ya MV Nyerere kupinduka, wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai, alikuwa mahali palipobaki na hewa ndani ya kivuko. Watu wakasema muujiza, nami nikasema amina. Lakini muujiza huo ulikuwa na vitu viwili ndani yake: kanuni ya hewa ambayo haikubadilika, na wazamiaji waliojua kazi yao.

Hiyo ni nusu. Nusu nyingine sina cha kumwambia aliyekuwa akigonga.

Jambo jingine dogo kabla sijaendelea. Tunapenda ushuhuda, nami naupenda. Lakini tuwe waangalifu na jinsi tunavyousema. Mtu akisimama mbele ya kanisa akasema "Mungu aliniokoa kwa sababu niliomba", kiti cha tatu kutoka mbele kuna mjane ambaye mumewe pia aliomba. Yesu mwenyewe aliletewa habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama wasikilizaji wake wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu, sivyo. Alikataa kuufanya mnara kuwa hakimu. Sijui kwa nini sisi tunaifanya meli kuwa hakimu.

Mpaka hapa nimezungumzia vyombo, na kwenye vyombo utashi huru unaweza kutufikisha mbali. Yapo mateso ambayo haufiki kabisa.

Kanda ya Ziwa, huku kwetu, ina malaria nyingi na ina selimundu nyingi, na mambo haya mawili ni ndugu. Selimundu ni ugonjwa wa kurithi: chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, zinavunjika kabla ya wakati wake. Mtoto mchanga huanza kwa kuvimba vidole vya mikono na miguu. Baadaye yanakuja maumivu ya mifupa yanayomfanya alie mpaka sauti iishe, homa, kupungukiwa damu, kwa wengine kiharusi kabla hata ya kuanza shule. Daktari James Herrick aliueleza kwa mara ya kwanza kwenye maandishi ya kitabibu huko Chicago mwaka 1910. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha jambo la kushangaza: mtu aliyerithi chembe ya urithi ya ugonjwa huu kwa mzazi mmoja tu haumwi selimundu, na zaidi ya hapo anakingwa dhidi ya malaria kali. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa. Baba na mama wakiwa wote wamebeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Tazama ilivyo. Kitu kilekile kinachomwokoa dada na malaria ndicho kinachomuua mdogo wake. Hakuna karani. Hakuna tiketi. Hakuna aliyechagua. Ukitafuta mkono wa binadamu hapo, utaupata mkono wa mama unaomkanda mtoto miguu usiku kucha.

Mtaani kwetu yupo mama aliyempoteza mtoto wa miaka saba kwa ugonjwa huu. Mimi ndiye ninayesoma Neno kwenye jumuiya yetu, kwa hiyo wananiita Mwalimu, na kwa hiyo nilikuwa mmoja wa wale walioitwa kila mara hali ilipokuwa mbaya. Yule mama, kabla hajazika, alizikwa kwa maneno. Ndugu wa mume walisema damu yake ni mbaya. Baba wa mtoto aliondoka, akidai kwao ugonjwa huo haupo, ilhali mtoto hawezi kuumwa selimundu mpaka baba naye awe amebeba. Wengine walinong'ona kuna mkono wa mtu. Nyumba moja ya maombi ilimwambia aache dawa, maana kumeza dawa ni kukosa imani. Aliacha wiki tatu. Kisha wale wote, walipokuja msibani, walisema Mungu amempenda zaidi.

"Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Wanafunzi waliuliza hivyo miaka elfu mbili iliyopita, na mtaani kwetu bado tunauliza. Yesu akasema hakutenda dhambi huyu wala wazazi wake. Kama kuna sentensi ningependa ichapwe kwenye fulana za msiba, ni hiyo.

Hapa ndipo naona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa kijana. Mpaka kati ya mateso ya watu na mateso ya asili hausimami mahali pamoja. Kabla ya 1910 hakuna aliyeweza kulaumiwa kwa mtoto wa selimundu kufa. Leo tunajua kumpima mtoto anapozaliwa. Tunajua kwamba penisilini utotoni huzuia maambukizi yanayowaua wengi, kwamba haidroksiyurea hupunguza maumivu na hitaji la kuongezewa damu, kwamba damu yenyewe inatoka kwenye mkono wa mtu aliye hai aliyekubali kukaa dakika chache kwenye kiti. Kila tulichojifunza kimehamisha sehemu ya mzigo kutoka kwa Mungu kuja kwetu. Ugonjwa hatukuuchagua. Mtoto kufika kliniki na kukuta dawa imeisha, hilo tumelichagua, kwa bajeti, kwa uvivu, kwa kura. Nina hakika kwamba katika vilio tunavyompelekea Mungu, vingi zaidi ya tunavyodhani vina anwani yetu.

Lakini si vyote. Ukiondoa uzembe wetu wote, ukaweka dawa kila zahanati na damu kila hospitali, bado unabaki na swali: kwa nini dunia iliyoumbwa na mwenye huruma ilindwe dhidi ya malaria kwa kinga inayodai mtoto mmoja kati ya wanne? Wapo wanaosema mateso yanatukuza. Ireneo wa Lyon katika karne ya pili alimwona binadamu kama mtoto anayekuzwa taratibu kufikia mfano wa Mungu, na John Hick, katika karne ya 20, akaijenga juu yake hoja kwamba dunia ni bonde la kufinyanga roho. Nimeona watu wazima waliofinyangwa na mateso wakawa bora. Sikatai. Mtoto wa miaka minne aliyevimba vidole hafinyangwi chochote. Na kama mateso yake yalikusudiwa kunifinyanga mimi niliyekuwa natazama, basi naomba kubaki udongo.

Nawaheshimu walioacha kuamini kwa sababu hii. Wengi wao waliacha kwa kuwa walimpenda mtu, wakakataa kusema uongo juu ya kaburi lake. Hasira yao naiona kuwa safi kuliko utulivu wa anayesema kila kitu ni mpango. Mimi sikuacha, na deni la kusema kwa nini ninalo.

Sababu yangu haitoki kwenye hoja ya Plantinga, ingawa inanisaidia kufikiri. Inatoka kwenye kitabu cha Ayubu, ambacho tunakisoma vibaya. Sote tunajua mlango wa kwanza, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Tunaufunga hapo. Kitabu kina milango 42. Katika wa pili marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakuja, wanaketi naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna anayesema neno. Hiyo ndiyo kazi njema pekee waliyoifanya. Katika wa tatu Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo anamshtaki Mungu, mlango baada ya mlango, na marafiki wanamtetea Mungu kwa maneno ambayo ukiyasikia leo utadhani umeketi kwenye mkutano wa injili: mwenye haki hateseki, tafuta dhambi yako, tubu. Mwisho kabisa Mungu anasema. Hamjibu Ayubu kwa nini. Lakini anawageukia wale watetezi wake na kuwaambia hasira yake inawaka juu yao, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake "kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu".

Aliyelalamika ndiye aliyenena sawa. Hilo limo ndani ya Maandiko yenyewe, halikuletwa na wapinzani. Imani inayohifadhi kesi dhidi ya Mungu wake katikati ya kitabu chake kitakatifu, na kumpa mlalamikaji ushindi, siwezi kuiita imani ya kuwapumbaza watu.

Nyingine ni machozi. Lazaro alipokufa, Martha alimwambia Yesu angalikuwapo nduguye hangalikufa, na hilo ni shtaka la mtu aliyekuwa akisubiri. Yesu hakumhubiria juu ya utashi huru. Alilia. Mtume Muhammad naye alimlilia mwanawe Ibrahim aliyekufa mchanga, na alipoulizwa akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika. Wawili hawa ndio tunaowafuata, mamilioni yetu katika pwani na bara hii. Sijui tulijifunza wapi kwamba kumlilia maiti kwa uchungu ni upungufu wa imani.

Na iko ile orodha. Ukienda Igoma, Mwanza, kwenye makaburi ya waliokufa MV Bukoba, wapo waliozikwa bila kutambuliwa. Hawakuandikwa walipopanda, hawakuandikwa waliposhushwa. Daraja la tatu halikuhesabiwa na mtu yeyote, si bandari, si serikali, si sisi. Ninaposema naamini katika Mungu anayejali, nikiuondoa unyevu wote wa maneno, nasema hivi: naamini wale walihesabiwa, mmoja mmoja, na nywele zao. Siwezi kulithibitisha. Naliamini kwa nguvu zote, na ndilo linalonifanya nidai daftari bandarini. Mtu aliyehesabiwa huko hawezi kuachwa bila kuhesabiwa huku, halafu nikatulia nikaimba.

Yule mama wa jirani alikuja kwangu jioni moja, yapata mwezi baada ya mazishi. Mpaka leo tunamwita kwa jina la mtoto wake, na yeye hataki libadilishwe. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akakataa chai.

"Mwalimu, ni dhambi kumwambia Mungu kwamba ameniumiza makusudi?"

Nilikuwa na hoja zote hizi kichwani, na nyingine. Niliingia ndani nikachukua Biblia, nikafungua Ayubu mlango wa tatu, nikaanza kusoma: "Na ipotelee mbali ile siku niliyozaliwa mimi." Nikaendelea mpaka mwisho wa mlango, mstari kwa mstari, wala sikufafanua. Giza lilikuwa limeanza kuingia.

Akauliza, "Hayo yameandikwa humo?"

"Yameandikwa, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akakivuta kigoda karibu na taa. "Basi soma tena," akasema, "ila safari hii polepole."